Usitupe Mbachao: Habari ya Zana za Mkono, Kutoka Mbulu Hadi Pwani

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Bagamoyo, Unguja na Pemba, iko pembe moja isiyotazamwa na mtu. Pengine ni nyuma ya mlango wa uani, pengine ni chini ya ngazi, pengine ni katika banda la kuku. Hapo hulala shoka lisilo mpini, tezo iliyoliwa na kutu, keekee isiyo na uzi wake, msumeno uliokatika meno, na mbuzi ya kukunia nazi ambayo ulimi wake umelegea. Hivyo ni vyombo vya babu. Mwenyewe amekwisha kwenda mbele ya haki, vyombo vimebaki.

Kisha hupita mnunuzi wa chuma chakavu na mkokoteni wake, akiita njia nzima. Mtoto huambiwa, "Chukua yale makorokoro ukauze." Hupimwa kwa mizani, hulipwa kwa kilo, na kilichomlisha mtu na wanawe kwa miaka arubaini huondoka kwa bei ya mikate miwili. Wazee wetu walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Na wakasema tena, usitupe mbachao kwa msala upitao. Methali mbili hizi twazisoma kila siku, wala hatuzifuati.

Makala haya yataka kuuliza swali moja tu: je, twakijua tunachokiuza? Na ili jibu liwe na uzito, hatutaanza hapa pwani. Twende kwanza bara, juu milimani, mahali ambapo wengi wetu hatujapata kufika.

NCHI YA JEMBE

Endagikot ni kata mojawapo ya Mbulu, katika mkoa wa Manyara, mkoa uliokatwa kutoka mkoa wa Arusha mwaka 2002. Ni nchi ya vilima na mabonde juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, iliyoinuka kiasi cha mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Asubuhi yake ni ya ukungu na baridi, na mtu wa pwani akifika huko hutafuta blanketi kabla ya kutafuta chakula. Wenyeji wengi ni Wairaqw, ambao watu wa zamani walizoea kuwaita Wambulu. Lugha yao si ya Kibantu. Ni ya Kikushi, yenye udugu wa mbali na Kisomali. Majirani zao ni Wadatoga, watu wa ng'ombe, ambao wengi wao ni Wabarabaig wanaokaa upande wa Hanang, chini ya mlima wa jina hilo wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400.

Wairaqw wamesifiwa kwa ukulima wao. Katika kitovu cha nchi yao, pande za Kainam, watu ni wengi na ardhi ni haba, tena ina mteremko. Mahali pengine udongo wa namna hiyo ungelikwisha kuchukuliwa na mvua. Wao waliushika. Walipanga matuta kuyakata maji, wakachimba mifereji, wakawalaza ng'ombe ndani ya nyumba ili wapate samadi, na kila asubuhi samadi ile ikapelekwa shambani. Wataalamu wa jiografia wametoka mbali kuja kuisoma kazi hiyo. Mmoja wao, Lowe Börjeson wa Stockholm, aliandika kitabu kizima juu ya ukulima wa nyanda za juu za Mbulu, kikatoka mwaka 2004.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Matuta yale, mifereji ile, udongo ule uliogeuzwa vizazi kwa vizazi, vilifanywa kwa nini? Kwa muda mrefu kabla ya plau ya kukokotwa na ng'ombe kuenea, vilifanywa kwa jembe la mkono. Kipande cha chuma kisichozidi kiganja cha mtu mzima mara mbili au tatu, na mti mmoja wa kukishikia. Basi, jembe hilo lilitoka wapi?

WATU WALIOFUA NA WAKADHARAULIWA

Wairaqw wenyewe hawakuwa na desturi kubwa ya kufua chuma. Waliwategemea wahunzi wa Kidatoga, ukoo uitwao Gidang'odiga. Wahunzi hao ndio waliowafulia majirani zao majembe, mashoka, visu, mikuki na vichwa vya mishale, pamoja na bangili za shaba. Wahadzabe wa bonde la Eyasi, ambao ni wawindaji, nao walipata chuma chao kwa kubadilishana na majirani, asali na nyama kwa mshale na kisu.

Zana za mhunzi huyo ni chache mno. Ana mivuo miwili ya ngozi ya mbuzi, ambayo msaidizi huibana na kuiachia kwa zamu ili upepo usikatike. Ana bomba la udongo la kupitishia upepo huo mpaka katikati ya makaa. Ana fuawe, ambayo huenda ikawa ni jiwe gumu au pande la chuma kizito. Ana koleo, nyundo na patasi. Basi. Kwa vitu hivyo huichukua springi ya lori iliyokatika, au msumari mkubwa, akaufanya kisu. Huichukua kufuli mbovu au bilula iliyotupwa, akaiyeyusha na kuimimina ikawa bangili. Kazi hiyo ingali ikionekana mpaka leo kandokando ya Ziwa Eyasi, na wageni hutoka nchi za mbali kuja kuitazama.

Lakini sikiliza lililo zito zaidi. Wahunzi hao, ambao bila wao hapana jembe wala mkuki, kwa desturi ya zamani walitengwa. Wadatoga wengine hawakuoa kwao wala hawakuwaoza. Mhunzi alihesabiwa kuwa mtu wa chini, na pengine mtu wa kuogopwa. Si Wadatoga peke yao. Wamasai nao waliwatenga wahunzi wao, waitwao Ilkunono. Mtu aliitwaa panga kwa mkono wa kulia, na aliyelifua akamsukuma kwa mkono wa kushoto.

Usiharakishe kuwacheka watu wa bara. Tujitazame na sisi. Mtu akija kumposa binti yako, akasema kazi yake ni kukaa ofisini, wampa kiti. Akisema kazi yake ni kufua vyuma, au kupiga randa, au kuunda madau, wamwuliza kwanza kama hana kazi nyingine. Twaupenda mlango uliochongwa, hatumpendi mchongaji kuwa mkwe. Dharau hii ndiyo iliyovifanya vyombo vya babu vionekane takataka. Ukimdharau fundi, chombo chake hakiwezi kuwa na heshima mbele yako.

CHUMA NA HESHIMA YAKE

Katika Kitabu chetu iko sura nzima yenye jina la chuma, Suratul Hadid, na ndani yake chuma kimetajwa kuwa kina nguvu nyingi na manufaa kwa watu. Nabii Daud, amani iwe juu yake, alikuwa mfalme, na Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, akafundishwa kutengeneza deraya na kupima vizuri pete zake. Imepokewa pia kwamba alikuwa akila kutokana na kazi ya mkono wake. Miongoni mwa Masahaba wa mwanzo kabisa alikuwamo Khabbab bin al-Aratt, na kazi yake huko Makka ilikuwa ni uhunzi.

Lakini katika habari zote hizo, iliyo karibu zaidi na maneno yetu ya leo ni ile aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik. Mtu mmoja katika Answari alimjia Mtume (S.A.W.) kuomba. Akaulizwa kama nyumbani kwake hamna kitu. Akasema mna nguo ambayo nusu yake hujifunika na nusu yake huitandika, na bakuli ya kunywea maji. Akaamrishwa avilete. Mtume akavinadi mbele ya watu, vikanunuliwa kwa dirhamu mbili. Akampa mwenyewe fedha zile, akamwagiza kwa dirhamu moja anunue chakula cha watu wake, na kwa ya pili anunue shoka alilete. Lilipoletwa, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mtukufu. Kisha akamwambia aende akate kuni na kuuza, wala asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu yule aliporudi alikuwa amepata dirhamu kumi, na amenunua nguo na chakula.

Ndugu msomaji, wengi tumeisikia habari hii katika mawaidha, na aghalabu husemwa kwa ajili ya kukataza kuomba. Ni sawa. Lakini tazama na lile shoka. Hakupewa shoka lililokamilika. Alinunua chuma, na mpini ukatiwa na mbora wa viumbe. Kutia mpini ni kazi ambayo leo kijana wetu aliyesoma huiona haimfai. Tena tujue kwamba Mtume, kama ilivyopokewa kwa Bibi Aisha, alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake. Kutengeneza kilichochakaa si alama ya ufukara.

CHUMA CHA AFRIKA HAKIKUSHUKA NA MELI

Wapo wanaodhani kwamba zana za chuma zililetwa na wageni, na kwamba babu zetu walichimba kwa vijiti mpaka Mzungu alipofika. Dhana hiyo haina msingi.

Al-Idrisi, mwanajiografia mkubwa aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliandika habari za pwani yetu, na katika miji aliyoitaja kwa kazi ya chuma imo Malindi na Mombasa. Alieleza pia kwamba chuma cha pande za Sofala kilinunuliwa na kupelekwa Bara Hindi, na huko kikafanywa panga zilizosifiwa. Wachimbuaji wa mambo ya kale nao wamekuta katika magofu ya Manda, karibu na Lamu, mabaki mengi ya mavi ya chuma, yaani yale makapi yanayobaki chuma kinapoyeyushwa na kufuliwa. Mji huo ulikuwako tangu karne ya 9. Kwa hiyo mhunzi ni mtu wa kale katika miji ya Waswahili, kama alivyo nahodha.

Na huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, limetokea jambo lililowashangaza wataalamu wa dunia. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Peter Schmidt aliwaendea wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma katika ujana wao. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa miongo mingi kwa sababu ya chuma rahisi cha kutoka nje. Wazee wakajenga tanuri upya kwa kukumbuka na kwa kujaribu. Mara za kwanza hawakufaulu. Wakajaribu tena mpaka wakafaulu. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha katika jarida la Science kwamba watu wa nchi ile walikuwa wakitengeneza chuma cha pua kiasi cha miaka 1,500 mpaka 2,000 iliyopita, kwa ufundi wa kuutia moto upepo kabla haujafika kwenye makaa, na joto la tanuri likapita digrii 1,800.

Zingatia hapa, ndugu msomaji. Elimu ile haikuwa imeandikwa popote. Ilikuwa katika mikono na vichwa vya wazee wachache. Lau mtafiti angelichelewa miaka ishirini, wazee wale wangelikwisha kuzikwa, na tungeambiwa kwamba Mwafrika hakujua chuma cha pua, wala tusingekuwa na la kujibu.

JEMBE LA NG'AMBO NA JEMBE LA UBUNGO

Kilichoua matanuri si uvivu. Ni bei. Majembe yaliyofuliwa kwa mashine katika Ulaya yalianza kumiminika katika masoko yetu, na enzi ya ukoloni ikayafungulia mlango zaidi. Mashuhuri mojawapo ni yale yenye chapa ya mamba, Crocodile, yaliyotoka kiwanda cha Chillington huko Wolverhampton, Uingereza. Jembe hilo lilikuwa gumu na rahisi. Mhunzi wa kijijini, aliyehitaji kwanza kuchoma makaa, kisha kuyeyusha mawe ya chuma, kisha kufua, hakuweza kushindana. Akaacha kuyeyusha, akabaki kufua vipande vya chuma kilichotupwa na wengine.

Umbo la jembe nalo likabadilika. Jembe la kienyeji lilikuwa na mkia mwembamba. Mkia huo hupashwa moto ukachomwa ndani ya kichwa cha mpini, ukashika. Jembe la kiwandani lina tundu, na mpini ndio unaopita ndani yake. Tofauti hii ni ndogo machoni, lakini ni alama ya historia. Ukiokota jembe la mkia, jua umeokota kazi ya mkono wa mhunzi.

Baada ya uhuru, Tanzania ilitaka kujitengenezea majembe yake. Kwa msaada wa China kikajengwa kiwanda cha zana za kilimo Ubungo, Dar es Salaam, kilichojulikana kwa jina la UFI, na majembe yake yakaenea nchi nzima katika miaka ya 1970. Mbeya nako kikajengwa kiwanda cha ZZK. Mwaka 1973 likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na mwaka 1981 kikaundwa Kituo cha Zana za Kilimo na Ufundi Vijijini, CAMARTEC, huko Arusha, karibu na nchi ya Mbulu tunayoisema.

Hata hivyo, miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya dhiki. Fedha za kigeni zilikuwa haba, bidhaa zikaadimika madukani, na jembe likawa miongoni mwa vitu vya kutafutwa kwa foleni. Hapo ndipo mhunzi wa kijijini alipokumbukwa. Springi za magari mabovu zikafuliwa majembe. Jembe lililokatika ambalo jana lingetupwa, leo likaunganishwa. Shida ilifundisha lile ambalo raha ilitusahaulisha: kwamba mwenye fuawe na nyundo kijijini ni akiba kuliko duka.

ZANA ZILIZOVUKA BAHARI

Katika miaka ile ile kulitokea jambo la kutia haya kidogo, ingawa lina kheri ndani yake. Huko Uingereza mnamo mwaka 1979 kiliundwa chama cha hiari kiitwacho Tools for Self Reliance, na makao yake yakawa Netley Marsh, karibu na Southampton. Waanzilishi waliona kwamba katika mabanda na ghala za nchi yao zimejaa zana za mkono zilizoachwa: randa, patasi, misumeno, nyundo, jiriwa, hata cherehani. Wenyewe wamekufa, au wamezeeka, au wamenunua mashine za umeme. Wakaanza kuzikusanya.

Kazi yao ilikuwa rahisi kuieleza, ngumu kuifanya. Watu wa kujitolea, wengi wao wazee waliostaafu katika ufundi, walikaa jioni wakisugua kutu, wakinoa makali, wakitia mipini mipya. Kisha walizipanga zana kwa mafungu kamili: sanduku la seremala, sanduku la mhunzi, sanduku la mwashi, wakazitia melini kuja Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopokea, na SIDO ikashiriki katika kuzifikisha kwa mafundi. Baadaye msaada ule haukuwa wa zana peke yake; ulifika mpaka mafunzo ya wahunzi wa vijijini, ili mtu asingoje sanduku la kutoka ng'ambo, bali ajifulie mwenyewe randa na patasi.

Sasa pima mwenyewe. Mzee wa Kiingereza hulisugua shoka la babu yake ili limfae fundi wa Tanzania asiyemjua. Na sisi, shoka la babu yetu twaliuza kwa kilo. Yeye aliona kwamba chuma kizuri hakizeeki. Sisi twaona kwamba kilichozeeka si kizuri. Ni kweli pia kwamba chuma cha zana nyingi za zamani ni bora kuliko cha baadhi ya zana za leo, ambazo huuzwa zikimetameta na zikapinda kabla ya mwaka kwisha. Ukali haujui rangi ya dukani.

NAMNA YA KUKIFUFUA CHOMBO

Huenda ukasema: nimekusikia, lakini vile vya kwetu vimekwisha kufa. Subiri. Kutu ya juu si mauti. Haya ni mambo machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya.

Kwanza, chunguza kabla ya kusugua. Kining'inize chuma kwa uzi, ukigonge kwa kitu kigumu. Kikilia kama kengele, ni kizima. Kikitoa sauti ya kufa, huenda kina ufa. Mwonyeshe fundi kabla ya kukitumia, maana shoka lenye ufa ni hatari.

Pili, mpini mbovu usiutoe kwa kulitia shoka motoni. Makali ya chuma hupatikana kwa kupashwa na kuzimwa kwa kipimo. Moto wa jikoni huyaondoa, likabaki shoka la sura tu. Ukate mpini, kisha ukisukume kipande kilichobaki kwa chuma chembamba na nyundo.

Tatu, kutu. Kiloweke chuma katika siki usiku mmoja, kisha ukisugue kwa burashi ya waya au kwa mchanga laini. Ukishamaliza, kioshe kwa maji yenye majivu au sabuni ili ukali wa siki uishe, ukikaushe papo hapo juani, ukipake mafuta. Usikiache na unyevu hata saa moja. Sisi watu wa pwani tuna hewa ya chumvi, na chumvi haina huruma na chuma. Kinu cha shaba au birika, ndimu na chumvi kidogo hutosha, kisha maji mengi.

Nne, makali. Anza kwa tupa, malizia kwa kinoo, taratibu. Jiwe la umeme lina haraka. Chuma kikigeuka rangi ya buluu, jua pale makali yameungua, hayatakaa. Shoka liache tumbo lake, usilifanye bapa kama kisu. Tezo hunolewa upande wa ndani. Msumeno hunolewa jino kwa jino kwa tupa ya pembe tatu, kisha meno huelekezwa moja kulia na moja kushoto, ili usibanwe na mti.

Tano, mpini. Chagua mti mkavu, mgumu, ambao nyuzi zake zimenyooka kufuata urefu. Mti mbichi utanywea, na chuma kitaruka. Tia kabari kichwani, usiupake rangi. Rangi huficha ufa na huchubua kiganja. Mafuta yatosha. Na kama mpini wa babu ungali mzima, usiubadilishe. Utaona umeliwa mahali vidole vilipokaa. Pale ndipo palipokuwa mkono wake, na mjukuu akishika hapo hujifunza kushika bila ya mwalimu.

MIRATHI ISIYOANDIKWA

Liko jambo ambalo wengi huliruka. Mtu akifa, hukaa jamaa wakahesabu nyumba, shamba, fedha na ng'ombe. Tezo na misumeno haihesabiwi. Lakini hiyo nayo ni mali ya marehemu, na wenye haki nayo ni warithi wote. Mmoja akiviuza vyombo kwa mnunuzi wa chuma chakavu bila ya kuwauliza wenziwe, hata kama thamani ni ndogo, ameuza kisicho chake peke yake. Pengine katika warithi hao yumo mmoja, maskini, ambaye zana zile zingemfungulia mlango wa riziki, kama lile shoka lilivyomfungulia mtu wa Madina.

Basi, vihesabuni. Aliye fundi katika warithi apewe kwanza nafasi ya kuvinunua au kuvichukua katika fungu lake. Na kama hayupo anayevitaka, mtafuteni kijana mtaani anayejifunza useremala au uundaji wa vyombo vya baharini, mkubaliane mmpe kwa niaba ya marehemu. Kila ubao atakaoupasua kwa msumeno ule, twatumai marehemu hatakosa fungu lake la thawabu.

Hatusemi kwamba mashine ni mbaya. Fundi wa Nungwi au Matondoni akipata msumeno wa umeme, apunguziwe taabu, na lawama haiko. Wala hatusemi kila chuma kiwekwe mpaka nyumba iwe ghala. Kilichovunjika kisichotengenezeka, kiuzwe. Nacho kitakwenda kuyeyushwa na kuwa kitu kingine. Tunachosema ni kwamba usikiuze kabla ya kukijua. Mwulize mzee aliyebaki: hiki huitwaje? Kilifanya kazi gani? Kilishikwa vipi? Wazee wa Buhaya waliulizwa, wakajibu, na dunia nzima ikanyamaza kuwasikiliza. Wa kwetu bado hatujawauliza, na kila mwaka tunawazika na majibu yao.

Mkulima wa Mbulu na mwundaji wa jahazi hawajuani. Mmoja ana baridi, mwingine ana jua. Mmoja ana udongo, mwingine ana maji. Lakini wote wawili wanasimama juu ya bega la mhunzi mmoja, ambaye jina lake halikuandikwa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Vimeundwa kwa nini, na kwa mkono wa nani? Nenda katika ile pembe ya nyumba yako, ukaangalie.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona neema iliyofichwa na kutu, na mikono isiyoona haya kufanya kazi. Amin.